Mlevi Anayetubu Asinyimwe Daktari

(Hotuba iliyotolewa msikitini baada ya sala ya Isha)



Uharamu wa pombe hauna mjadala baina yetu. Sura Al-Maida imekwisha kulikata jambo hilo. Leo tunamzungumzia yule aliyekunywa miaka mingi, naye sasa anataka kuacha.

Wapo wanaokunywa hadi siku ya vunja jungu, na mwezi wa Ramadhani ukiandama huacha ghafla. Nia hiyo ni njema, lakini mwili uliozoea pombe kila siku hauwezi kuigeukia papo hapo. Kati ya saa 6 na 48 tangu kinywaji cha mwisho, mikono hutetemeka, jasho humtoka, na wengine huanguka kwa degedege. Siku ya 2 au ya 3 mtu huweza kuweweseka na kuona wadudu wasiokuwapo. Hapo jamaa husema amepandwa na majini. Huletwa kombe na ubani, na saa zinapita. Ndugu zangu, hayo si majini. Ni ubongo uliotulizwa na pombe kwa miaka sasa unaamka kwa fujo, na hali hiyo huua. Hospitalini hupewa dawa ya kutuliza kama diazepamu, inayopunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1, ambayo walevi wengi huikosa kwa kula vibaya na kwa sababu matumbo yao huifyonza kwa shida.

Na tumbo lenyewe? Wengi huenda duka la dawa wakasema wana vidonda vya tumbo, neno la pombe wakalimeza. Wakinunua aspirini au diklofenaki ya kutuliza maumivu, huzidi kuuchubua utando wa tumbo. Anayetapika damu, au choo chake kikawa cheusi kama lami, anatokwa na damu ndani. Ini likikakamaa, mishipa ya umio huvimba, na ikipasuka mtu aweza kufa kwa saa chache. Macho ya manjano, tumbo lililojaa maji, maumivu makali yanayopenya hadi mgongoni: huyo apelekwe usiku huohuo.

Mbona basi hasemi? Kwa sababu yetu sisi. Tumemnyooshea kidole hata ndani ya safu, naye akaona ni afadhali afe na siri yake kuliko kuonekana kwenye foleni ya hospitali.

Wengine hukataa dawa ya mchana kwa ajili ya saumu, ilhali mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine.

Kwa hiyo anayetaka kuacha asingoje mwezi uandame. Aende hospitali wiki kadhaa kabla, amweleze daktari kiasi anachokunywa bila kupunguza hata chupa moja, na kama ni gongo aseme gongo. Asiyekuwa na mtu wa kufuatana naye amwambie imamu faraghani, tutakwenda naye.