Shule ya Vita na Shule ya Amani

Dominika ya Kwanza ya Majilio, Mwaka A
(Isa 2:1-5, Rum 13:11-14, Mt 24:37-44)



Wapendwa wasikilizaji, leo tunaanza kipindi cha Majilio, na Mama Kanisa anatusomea nabii Isaya. Wengi wetu hukumbuka panga zinazofuliwa kuwa majembe. Lakini nabii anaongeza neno ambalo mara nyingi hulipita haraka: kwamba mataifa yataacha kujifunza vita. Kumbe vita hufundishwa! Hakuna mtoto anayezaliwa anaijua. Ina walimu wake, na mazoezi yake.

Tutazame mfano mmoja. Rubani wa ndege ya kivita hufundishwa kupiga kwa mzinga shabaha zilizowekwa ardhini. Huinamisha ndege kuelekea uwanja wa mazoezi, hulenga, hufyatua kwa kitambo kifupi sana, kisha huiinua ndege mara moja. Mzinga wa ndege aina ya F-16 hutoa risasi zipatazo 100 kwa sekunde. Akiba yake yote, kama risasi 500, huisha kwa sekunde tano tu. Hapo hakuna nafasi ya kutafakari. Kwa hiyo zoezi hurudiwa mpaka mkono utende kabla ya fikra. Tena rubani huonywa asiikazie macho shabaha hata akaisahau ardhi, kwani wako waliofanya hivyo wakaanguka pamoja na ndege zao.

Simlaumu askari. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba anayelitumikia taifa lake jeshini kwa uadilifu ni mtumishi wa usalama na uhuru wa watu. Lakini tusikie pia yaliyotokea usiku wa tarehe 3 Novemba 2004 huko New Jersey, Marekani. Rubani wa F-16 alikuwa akielekea kwenye uwanja wa mazoezi. Mzinga ukafyatuka kabla ya wakati, na risasi zikatoboa paa la shule iliyokuwa kilometa kadhaa kutoka uwanja ule. Mungu ashukuriwe, watoto walikuwa makwao, na mfanyakazi wa usafi aliyekuwamo hakudhurika. Lilikuwa zoezi tu, lakini risasi zilikuwa za kweli.

Ndugu zangu, neno la Kigiriki ambalo Agano Jipya hulitumia kwa dhambi lilikuwa na maana ya kukosa shabaha. Nasi tunayo mazoezi yetu, na risasi zake ni za kweli. Baba amtukanaye mama wa watoto wake kila jioni anaendesha darasa. Jirani anayewaita wakimbizi wezi, pasipo kumjua hata mmoja kwa jina, anaendesha darasa. Ulimi uliozoezwa hivyo hautusubiri tufikiri. Tena maneno yake hayaishii kwa yule tuliyemlenga. Huvuka ua, huwafikia watoto, na siku moja tutayasikia vinywani mwao tukastaajabu wameyatoa wapi.

Je, yaliyofuliwa kwa vita yanaweza kufuliwa upya? Sisi wa Bangwe na Kigoma tumepewa jibu katika ziwa letu. Mwaka 1915 Wajerumani waliishusha majini hapa Kigoma meli yao Graf von Götzen, wakaifunga mzinga. Mwaka 1916 ndege za Wabelgiji zilivuka ziwa na kuangusha mabomu Kigoma. Mwezi Julai mwaka huo Wajerumani wenyewe waliizamisha meli ile wasije wakaiacha mikononi mwa adui. Lakini mafundi waliipaka kwanza mitambo yake grisi, ili isiharibike majini. Ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Mwezi Mei 2015, ndugu zetu wa Burundi walipokusanyika Kagunga kwa maelfu, wakiwa na njaa na maradhi, ni Liemba hiyo hiyo iliyowaleta Kigoma. Meli iliyobeba mzinga ikabeba kina mama na watoto wachanga.

Kwa hiyo tusikate tamaa juu ya mtu yeyote, wala juu ya nafsi zetu. Ila meli haikujiibua yenyewe. Watu walifanya kazi. Mtume Paulo anatuhimiza tuamke usingizini na kuvaa silaha za nuru. Silaha nazo hutaka mazoezi. Basi, katika majuma haya manne nawaombeni mazoezi matatu. La kwanza: kabla ya kujibu neno la hasira, nyamaza kwa muda wa Salamu Maria moja. La pili: mwendee mtu mmoja mliyekosana, kabla ya Noeli, wala usingoje aanze yeye. La tatu, nanyi makatekista nawategemea hapa: wafundisheni watoto kumwombea kwa jina mtoto mmoja wa mkimbizi.

Siku zitapita, tutayaacha, tutayaanza tena. Ndivyo kila fani inavyofundishwa. Bwana anakuja saa tusiyoidhani. Na atukute tungali darasani, katika shule ya amani.

Nawatakieni Majilio mema. Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.