NYUMBA YA JAMII IJENGWE KWA SHAURI LA WENYEWE
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Ng'ambo)



Tumetakiwa tuseme machache juu ya nyumba ya jamii itakayofaa mitaa ya Ng'ambo inayojengwa upya. Sisi si wahandisi. Sisi ni wenye maduka. Lakini mwenye duka ajua jambo ambalo mchora ramani huenda akalisahau: kufungua mlango ni kazi ya siku moja, kuuweka wazi ni kazi ya kila siku.

Mitaa yetu imekwisha kujengewa na watu wasiotuuliza. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni, ambayo Katibu wake Mkuu alikuwa Eric Dutton, ilijenga Raha Leo iwe mahali pa starehe na mafunzo kwa watu wa Ng'ambo. Waliotawala ndio walioamua raha yetu iwe ipi. Baadaye palikuwa na kituo cha redio, na tarehe 12 Januari 1964 sauti ya Mapinduzi ilitoka hapo hapo. Ndipo tukajifunza kuwa jengo humtii alishikaye.

Kisha, Kikwajuni baada ya 1964 na Michenzani katika miaka ya 1970, yakaja majumba ya ghorofa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Hatuikanushi kheri yake. Wengi walipata humo makao madhubuti. Lakini nyumba za udongo zilivunjwa pamoja na baraza zake, na baraza si udongo mtupu: ni mahali pa salamu, pa posa na pa khabari za msiba. Mtu wa ghorofa ya juu hana baraza. Kwa hiyo nyumba ya jamii si pambo. Ni deni la baraza zilizovunjwa.

Basi na iweje? Kwanza, mbavu zake ndefu zielekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la alasiri lipige mbavu fupi. Madirisha yakabiliane, upepo wa kaskazi na wa kusi upite bila ya mashine. Paa lipite kuta kwa upana, na chini ya kivuli chake baraza izunguke nyumba nzima.

Pili, paa livune maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 400 za mraba, mvua ya mwaka ikiwa milimita 1,500, hupokea lita 600,000. Hatusemi zote zitahifadhika. Lakini birika kubwa likijazwa na masika litatuvusha siku nyingi za ukame.

Tatu, wanawake waulizwe kabla ya kalamu kugusa karatasi. Wao ndio wajuao mlango uwe wapi, na watoto wacheze wapi wakaonekana.

Nne, na hili ndilo kubwa: nani atalipa siku bati litakapovuja? Mfadhili hujenga akenda zake. Wazee wetu waliijua dawa, nayo ni wakfu. Msikiti uliwekewa maduka au minazi. Asili haiuzwi, na pato lake hutumika kwa matengenezo. Twashauri vyumba vya mbele viwe maduka ya kukodi, kodi yake isiguswe ila kwa jengo lenyewe, na hesabu ibandikwe mlangoni kila mwezi. Wanaosema haya ni sisi wenye maduka jirani, ambao tutazidishiwa washindani.

Mtu atauliza: chama cha upinzani kina haja gani na bati na birika? Twamjibu kuwa siasa ni hiyo. Qurani imewasifu wanaoendesha mambo yao kwa kushauriana, wala haikusema washauriane wa chama kimoja. Kamati ya nyumba hii na ichaguliwe na wakaazi wote, walio pamoja nasi na wasio pamoja nasi. Na tuape leo, tungali hatuna madaraka: siku tutakapoyapata, insha'Allah, bendera yetu isipandishwe juu ya paa lile.

Wabillahi tawfiq.