Wakutubi Walivuka Mipaka

Msikilizaji, wakutubi wa Afrika Mashariki waliungana mapema. Chama chao kilianzishwa mwaka 1956, Kenya, Uganda na Tanganyika zikiwa bado chini ya Waingereza. Mwaka 1963 chuo cha ukutubi kikafunguliwa Makerere, na wanafunzi wa nchi zote tatu wakasoma pamoja. Hilo naliona jambo kubwa kuliko chama chenyewe, maana waliokuja kuongoza maktaba zetu walifahamiana tangu darasani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chama kiligawanyika, kila nchi ikawa na chake. Utengano haukudumu. Mwaka 1974 wakutubi walikutana Dar es Salaam, safari hii pamoja na wenzao wa kati na kusini mwa Afrika, na ukazaliwa mkutano wa kila baada ya miaka miwili, unaojulikana leo kama SCECSAL. Miaka mitatu baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Wakutubi waliendelea kukutana.

Leo Jumuiya imefufuka na imepanuka. Inapopanga mambo ya elimu, iwaite wakutubi mezani tangu siku ya kwanza, kabla bajeti haijafungwa.