Presha ya Macho: Picha Yaonyesha Nini?



Leo tunazungumza juu ya macho. Sisi wa Elimu ya Watu Wazima tunajua thamani ya macho. Mtu amejifunza kusoma akiwa na miaka 40. Sasa anasoma barua zake mwenyewe. Anasoma mizani ya pamba, hapunjwi. Halafu macho yanakwisha polepole, wala hajui. Hiyo ni hasara kubwa.

Ugonjwa tunaousema unaitwa glakoma. Watu wengi huuita presha ya macho. Lakini si presha ya damu. Mtu anaweza kuwa na hii bila kuwa na ile. Tena si mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi, na mtu akipasuliwa vizuri huweza kuona tena. Glakoma haiko hivyo. Kilichopotea kwa glakoma hakirudi.

Je, ugonjwa huu uko vijijini? Naam, uko. Wataalamu waliwapima watu zaidi ya 3,200 katika vijiji sita vya Kongwa, Mkoa wa Dodoma. Wote walikuwa na umri wa miaka 40 au zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Karibu watu 4 katika kila 100 walikuwa na glakoma.

KAMBA YENYE NYUZI NYINGI

Nyuma ya jicho kuna mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye ubongo. Mshipa huo ni kama kamba ya katani. Umesokotwa kwa nyuzi nyembamba sana, zipatazo milioni moja. Nyuzi hizo ndizo zinazopeleka habari za kile tunachokiona. Zikikatika, habari hazifiki.

Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka kila siku. Njia ya kutokea ikiziba kidogo, maji hujaa na kusukuma. Msukumo huo huumiza nyuzi za mshipa. Wako pia watu ambao msukumo wao si mkubwa, na bado nyuzi zao hufa.

Kwa kawaida nyuzi hufa kidogo kidogo, bila maumivu. Mara nyingi mtu huanza kupoteza sehemu za pembeni. Katikati bado anaona. Basi husema, "Macho yangu mazima." Huku anajikwaa kwenye visiki.

KINU KIPYA NA KINU KIKUUKUU

Sasa, mtaalamu atajuaje? Hutazama ndani ya jicho, pale mshipa unapoanzia. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz aliandika juu ya kifaa alichokibuni cha kutazamia ndani ya jicho la mtu aliye hai. Tangu hapo madaktari wakaweza kuuona mshipa huo.

Pale huonekana duara dogo. Katikati yake kuna shimo jeupe, nalo huitwa kikombe. Kulizunguka shimo hilo kuna ukingo wa nyuzi.

Hebu tufikirie kinu. Kinu kipya kina shimo dogo na ukingo mnene. Kinu kilichotwangiwa miaka mingi kina shimo pana na ukingo mwembamba. Jicho zima hufanana na kinu kipya. Jicho lenye glakoma hufanana na kinu kikuukuu: kikombe kimepanuka, ukingo umelika, hasa juu na chini.

Lakini tusiharakishe. Wako watu waliozaliwa na kikombe kikubwa, nao ni wazima. Ndiyo sababu picha ina faida. Picha ya mwaka huu hutunzwa, ikalinganishwa na ya mwaka ujao. Kama ukingo umepungua, daktari ataona.

MASHINE NA SIMU

Iko pia mashine inayopima kwa mwanga. Wataalamu wa Marekani walichapisha habari zake mwaka 1991. Mashine hupeleka mwanga ndani ya jicho na kupima unavyorudi. Hivyo hujua unene wa tabaka la nyuzi. Kwa mtu mzima mwenye afya, tabaka linalozunguka mshipa lina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa mgonjwa hupungua. Mashine huweza kuonyesha upungufu huo kabla mgonjwa mwenyewe hajahisi lolote.

Si kila hospitali ina mashine hiyo. Lakini kule Nakuru, Kenya, wataalamu walijaribu kifaa kidogo kinachofungwa kwenye simu ya mkononi. Walipiga picha za macho ya watu zaidi ya 1,400. Mmoja wa wapigaji hakuwa amesomea kazi ya macho, alifundishwa tu. Picha za simu zilikaribiana vizuri na za kamera kubwa ya macho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016.

Kupigwa picha hakuumi. Huenda mtu akatiwa dawa ya kupanua mboni. Kwa saa chache jua litamwumiza macho na kusoma kutamshinda. Basi aende na mwenzake, wala asiendeshe baiskeli kurudi nyumbani.

TUFANYE NINI?

Picha si dawa. Picha hutuambia tu hali ilivyo. Daktari atapima pia msukumo wa jicho na upana wa kuona. Dawa ya matone hupunguza msukumo, na wengine hupasuliwa. Shabaha ni kulinda nyuzi zilizobaki. Kwa hiyo mgonjwa asiache matone kwa kuwa haoni nafuu. Matone ni kama ukuta wa shamba: hauongezi mahindi, bali huzuia ng'ombe wasile yaliyopo.

Sisi wenye miaka 40 na zaidi twende tukapimwe. Mwenye mzazi, kaka au dada mwenye glakoma asingojee umri huo. Tumwombe mtaalamu autazame mshipa wa jicho, asipime kusoma herufi ukutani peke yake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mgonjwa wa glakoma huchelewa kujua?
2. Jicho zima na jicho lenye glakoma hutofautianaje kwenye picha?
3. Katika kijiji chetu, nani anahitaji kusindikizwa hospitali kupimwa macho?