Shoka na Mti wa Matunda
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)

Niliombwa niseme juu ya dini na vita. Nitaanza na miti, maana nyinyi mna vitalu vya miche na mnajua jasho lake.

Fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 20. Jeshi la Israeli likiuzingira mji kwa siku nyingi, liliruhusiwa kukata miti isiyo na matunda. Lakini mti wa matunda usiguswe kwa shoka. Mti si adui, na matunda yake ni chakula. Majirani zetu Waislamu nao husimulia jinsi Khalifa Abubakar, katika karne ya 7, alivyowaagiza askari wake: wasiue wanawake, watoto wala wazee, wasikate miti ya matunda, na kondoo au ngamia asichinjwe ila kwa kuliwa.

Sasa mtaniuliza, si sura hiyo hiyo inasema kuna miji ambayo kisiachwe hai kitu chochote? Ndiyo, mstari wa 16. Sitawaficha. Wako waliotumia maneno kama hayo kujipa ruhusa ya kuua, na mimi nikiyasoma naona uzito. Lakini mistari mitatu tu mbele, mwenye shoka anaambiwa asimame kwanza, afikiri.

Mwaka 1139 mtaguso wa Kanisa huko Lateran, Roma, ulikataza kazi ya wapiga mishale dhidi ya Wakristo. Ati dhidi ya Wakristo! Na wengine je, hawana mama? Hata hivyo wafalme hawakusikia.

Basi mwenye upinde angalau alimwona anayemlenga. Bomu la kutegwa ardhini halioni mtu. Linakaa udongoni miaka na miaka baada ya amani kutiwa sahihi, likimngoja yeyote: askari, mbuzi, mtoto anayeokota kuni. Huko Msumbiji vita viliisha mwaka 1992, lakini nchi ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu hayo mwaka 2015. Fikirini, miaka 23 mtu anaogopa kutia jembe! Aliyekata mwembe aliharibu mti mmoja. Huyu ameharibu shamba lenyewe.

Mwaka 1997 nchi nyingi zilitia sahihi mkataba wa Ottawa wa kupiga marufuku mabomu haya. Kenya ilikuwemo, na mwaka 2003 ikamaliza kuharibu akiba yake. Lakini mwaka 2025 nchi kadhaa za Ulaya, Finland na Poland zikiwemo, ziliamua kujitoa kwa kuihofia Urusi. Hofu yao naielewa, kwani nani hapa hajawahi kulala akisikiliza mlango? Lakini swali la shoka bado liko pale pale: vita vikiisha, nani atalima hapo?

Kwa mkutano wenu ujao, someni sura hiyo yote, msiruke mstari wa 16. Na wale wanaosema tununue bunduki tulinde mifugo, wapewe nafasi waseme, wasizomewe. Halafu waulizwe swali hilo hilo la shoka.