Mto Mara na Ujirani Mwema

Mto Mara huchimbuka katika milima ya Mau nchini Kenya, ukavuka mpaka na kuingia Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Misitu ya Mau ilipofyekwa, mvua ilichukua udongo. Tope la walio juu likawa dhiki ya walio chini. Ndiyo sababu mwaka 2015 nchi hizi mbili zilitia saini makubaliano ya kulitunza bonde hilo kwa pamoja.

Mpango wa kuuponya mto sharti uanzie kwenye chimbuko: miti ipandwe, makinga maji yajengwe mashambani, mifugo ichimbiwe malambo mbali na kingo. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo. Askari aweza kuzilinda mita hizo. Lakini tope halifungwi pingu. Huzuiwa na mkulima aliyeshirikishwa, ng'ambo zote mbili.