Saa za Watu: Foleni, Mpaka na Haki ya Kujua



Tarehe 13 Juni 2019, katika bustani ya michezo ya Universal mjini Orlando, Marekani, ilizinduliwa treni mpya ya kuchezea, ile inayopaa na kujipinda kwa kasi juu ya reli. Siku hiyo muda wa kusubiri uliotangazwa ulifikia saa 10. Safari yenyewe ni ya dakika chache tu. Watu walisimama na watoto wao, baada ya kulipa kiingilio.

Nimeanzia mbali kwa makusudi. Malaba iko ndani ya wilaya yetu hii ya Tororo, na Busia ni jirani. Katika vituo hivyo viwili vya mpaka wa Uganda na Kenya watu wamesubiri muda mrefu kuliko huo mara nyingi mno, wala hakuna aliyewaita wavumilivu. Swali langu leo ni hili: mtu atakaa kwenye foleni kwa muda gani, na anayemkalisha ana deni gani kwake?

Wenye bustani za michezo wamelichunguza swali hili kwa bidii, kwa kuwa mgeni aliyechoka harudi. Mwaka 1985 David Maister aliandika makala ambayo bado inasomwa na kila anayeshughulikia foleni. Alionyesha kwamba saa moja si sawa na saa nyingine. Kusubiri usikojua mwisho wake huonekana kurefu kuliko kusubiri kulikotajwa muda. Vivyo hivyo kusubiri bila kuelezwa sababu, na kusubiri huku aliyekuja nyuma yako akipitishwa mbele. Ndiyo maana mlangoni pa kila mchezo huwekwa ubao: kuanzia hapa, dakika 45. Mara nyingi wenyewe hutaja muda uliozidishwa kidogo, ili mgeni afike mapema kuliko alivyotarajia. Na anayeuona muda ni mrefu mno hugeuka akaenda kwenye mchezo mwingine. Hapo kwenye kugeuka ndipo tofauti yote ilipo. Yule ana pa kwenda.

Dereva wa lori hana. Ametoka Mombasa, zaidi ya kilomita 900, na mzigo uliofungwa kwa lakiri. Hawezi kuuacha na hawezi kurudi. Zamani alikaguliwa mara mbili, upande wa Kenya kisha upande wa Uganda. Utaratibu wa kituo kimoja cha mpaka uliondoa usumbufu huo: maofisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja, na gari husimama katika nchi linakoingia tu. Kituo cha Busia kilizinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Yalikuwa maendeleo ya kweli, na nawaheshimu walioyafanyia kazi.

Kisha mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, na madereva wakatakiwa kupimwa. Foleni ikarudi upande wa Kenya, ikanyooka makumi ya kilomita. Januari 2022, pale madereva walipogoma kupinga kupimwa kwa ada ya dola 30, mafuta yaliadimika Uganda na bei ya petroli ikapaa.

Naomba tukae kidogo kwenye hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Tuseme malori 22 yanafika kila saa na geti lina uwezo wa kupitisha 25. Mambo yanakwenda. Sasa ongeza kipimo kinachochukua chini ya dakika moja kwa kila gari, uwezo ushuke hadi 20. Kila saa yanabaki malori mawili; kwa siku, 48. Lori moja na nafasi yake barabarani huchukua mita 20 hivi. Foleni basi inarefuka karibu kilomita moja kila siku, bila ofisa yeyote kuzembea na bila dereva yeyote kukosea. Baada ya mwezi imefika kilomita 29. Watu wakiiona wanatafuta mwizi, wakati aliyetakiwa kuulizwa ni yule aliyeongeza hatua moja bila kupiga hesabu.

Hesabu hiyohiyo ina upande wa pili, wenye faraja. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni ambayo mtoto wa shule ya msingi anaweza kuitumia: gawanya idadi ya waliopo mbele yako kwa idadi ya wanaohudumiwa kwa saa, utapata muda wako. Malori 300 mbele, 25 kwa saa: saa 12. Haihitaji kompyuta. Inahitaji mtu wa kuhesabu, chaki na ubao. Dereva akiambiwa saa 12 atalala, atapika, atampigia simu mwenye mzigo. Asipoambiwa, atakesha akishika usukani, akihofia kupitwa na wa nyuma.

Turudi nyumbani. Machi 2001 Uganda ilifuta malipo katika vituo vya afya vya serikali, na wagonjwa wakaongezeka sana. Uamuzi ule nautetea popote. Lakini bei haikwisha, ilibadilika sura: kilicholipwa kwa shilingi kikaanza kulipwa kwa saa. Mama anayekwenda kituo cha afya cha hapa Mulanda akiwa na mtoto mwenye homa anaacha shamba, anaacha soko. Wagonjwa 60 mbele yake, 12 kwa saa, ni saa tano. Akijua hivyo asubuhi ataamua aliyebaki nyumbani ale nini, na nani achote maji. Kutomwambia ni kumnyang'anya siku yake bila risiti.

Siku zote wapo wanaonunua nafasi. Disney ilianzisha mwaka 1999 tiketi ya kupunguza kusubiri, ikatolewa bure. Mwaka 2021 ikageuzwa kuwa ya kulipia. Mpakani kwetu, vijana wa baiskeli walianza zamani kuwabeba watu kati ya kituo kimoja na kingine, na kazi hiyo ikaenea Afrika Mashariki yote. Waliuza muda, waliuza kwa haki, kwa kuwa hawakumrudisha nyuma mtu mwingine. Anayelipa ili apitishwe mbele ya mgonjwa mwenzake, huyo amechukua saa za mwenzake. Katika mchezo naweza kulivumilia hilo. Katika zahanati sivumilii.

Niwageukie wanawake wanaovusha mayai, samaki na nyanya kati ya Busia ya Uganda na Busia ya Kenya. Utaratibu rahisi wa biashara wa Afrika Mashariki unawaruhusu kupitisha bidhaa za hapa zisizozidi dola 2,000 kwa cheti kimoja kifupi, bila ushuru wa forodha. Sheria iko upande wao. Hata hivyo wengi bado hupita njia za panya, na tumezoea kuwaita wakaidi. Jiwekeni mahali pao: nyanya zinaiva kichwani, soko linafungwa jioni, na dirishani hakuna anayesema kama ni dakika 20 au saa tatu. Njia ya panya ina hatari zake, ya kunyang'anywa mali na ya kudhalilishwa, lakini muda wake wanaujua. Ninaomba mamlaka za pande zote mbili ziweke ubao pale dirishani, uandikwe upya kila saa, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, na utajwe muda wa kweli hata ukiwa mrefu. Kisha tuhesabu ni wangapi watakaochagua dirisha.